Kinga ya Tabia Shuleni: Mwongozo kwa Mwalimu Mkuu na Walimu wa Madarasa ya Chini

Mtoto wa miaka sita au saba aingiapo darasa la kwanza huja na zaidi ya daftari na kalamu ya risasi. Huja na hofu yake na hamaki yake, na mazoea aliyoyachukua kwao, akakutanishwa katika chumba kimoja na watoto sabini ambao kila mmoja ana yake. Na hapo, kwa amri ya mtu mzima asiyemjua, hutakiwa angoje zamu, anyamaze mwenziwe asemapo, astahimili kushindwa, na aombe kitu badala ya kukipokonya. Wengi hujifunza mambo haya bila ya kufundishwa. Wachache hawajifunzi, na hao wachache ndio wanaomla mwalimu saa zake, ndio wanaoepukwa na wenzao, na, kama walivyoona watafiti waliowafuata watoto wa namna hii mpaka utu uzima, ndio walio karibu zaidi na ulevi, ugomvi na gereza. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako, mwalimu mkuu, na kwa walimu wako wa madarasa ya chini, ili kueleza namna shule ya kawaida, isiyo na fedha za ziada wala mtaalamu wa saikolojia, inavyoweza kuwatia watoto kinga mapema. Na tangu mwanzo nitasema ninaloliamini, kwamba kinga hiyo haimo katika makabrasha ya mradi wala katika semina ya siku mbili, bali imo katika saa ya kawaida ya darasa, na katika mwalimu ambaye naye amepata wa kumsaidia.

Usianze kwa hotuba. Ni ada ya shule nyingi, lizukapo jambo la aibu, kuwapanga wanafunzi mstarini juani na kumwalika mgeni mwenye cheo, awe askari, shehe, padri au mganga wa wilaya, awaonye kwa sauti kuu. Watu hupiga makofi, mgeni hupewa soda, na wiki ya pili mambo hurejea yalivyokuwa. Wamarekani walilijaribu jambo hili kwa ukubwa ambao sisi hatungeumudu. Mwaka 1983, katika mji wa Los Angeles, ulianzishwa mpango ulioitwa D.A.R.E., ambamo askari polisi wenye sare waliingia madarasani kuwafundisha watoto kuyakataa madawa ya kulevya. Wazazi waliupenda, wanasiasa waliusifu, ukaenea katika sehemu kubwa ya shule za nchi ile, na wataalamu walipokuja kuupima katika miaka ya 1990 waliona kwamba baada ya muda watoto waliohudhuria masomo yale hawakupishana, au walipishana kidogo mno, na watoto ambao hawakuyahudhuria. Wala lawama si ya sare. Huko Uingereza, uchunguzi ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2022, na uliowahusu wanafunzi zaidi ya 8,000 wa miaka 11 mpaka 14, ulilinganisha watoto waliofundishwa mazoezi ya kutuliza fikira na watoto waliofuata masomo ya kawaida, usione faida iliyozidi; na hayo yalikuwa mafunzo ya upole, yaliyotolewa na walimu wao wenyewe. Basi jambo kuwa jema kulisikia, au kupendwa na wafadhili, si dhamana kwamba litamfaa mtoto, na mtu akikujia na mpango mpya mkononi, kabla hujampigia makofi muulize umepimwa wapi na ulileta nini.

Hata hivyo ipo mipango iliyofaa, na si haba. Mwaka 2011 Joseph Durlak na wenziwe walichapisha matokeo ya kuzikusanya pamoja tafiti za mipango 213 ya kukuza hisia na maingiliano ya watoto shuleni, iliyowahusu wanafunzi 270,034 tangu chekechea mpaka sekondari, wakaona kwamba kwa jumla watoto waliopata malezi hayo waliwazidi wenzao katika kujizuia, katika kuishi na watu, na katika masomo pia: mtoto wa katikati, ambaye kati ya watoto mia huwatangulia hamsini, alifika mahali pa kuwatangulia sitini na mmoja. Mwalimu wa darasa aliweza kuiendesha mipango hiyo bila ya mtaalamu kuletwa kutoka nje. Na iliyofaulu zaidi ilikuwa na sifa chache za kufanana, ambazo ningependa uziweke mbele ya macho yako kila upangapo jambo: ilifundisha hatua kwa hatua, kila somo likikaa juu ya lililotangulia, iliwafanyisha watoto mazoezi badala ya kuwasimulia, ilitengewa wakati wake katika ratiba, na ilikuwa wazi ni stadi gani inayofundishwa, si kusema tu kwamba watoto wawe na tabia njema, maneno ambayo kila mtu huyakubali na hakuna ajuaye afanye nini kwayo kesho asubuhi.

Ikiwa shule yako inaweza kuchukua jambo moja tu, mimi ningekushauri uchukue mchezo wa mwenendo mwema, ambao hauna gharama ila chaki na uangalifu. Ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1969 na Barrish, Saunders na Wolf, huko Kansas, katika darasa la nne lenye watoto 24, ambao saba miongoni mwao walikuwa wamekwisha pelekwa mara kadha wa kadha kwa mwalimu mkuu kwa utundu. Baadaye Sheppard Kellam na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliuchukua katika mji wa Baltimore, katika mwaka wa masomo wa 1985 hadi 1986, wakaujaribu katika darasa la kwanza la shule za serikali, wakiyachagua kwa kura madarasa ya kuucheza na ya kutoucheza; kisha wakafanya jambo ambalo watafiti wachache wana subira nalo, nalo ni kuwangojea watoto wale wakue. Walipowatafuta tena wakiwa na miaka 19 mpaka 21 waliwakuta wavulana ambao walikuwa wakorofi kupita wote darasani, na waliocheza mchezo ule katika miaka yao miwili ya kwanza ya shule, wakiwa wametumbukia katika madawa ya kulevya na katika maisha ya uhalifu kwa kadiri iliyo ndogo sana kuliko wakorofi wenzao ambao hawakuucheza. Watoto watulivu hawakuonyesha tofauti kubwa, na hilo halishangazi, kwani mtulivu angefika salama vyovyote; aliyeokolewa ni yule ambaye walimu wengi humkatia tamaa tangu muhula wa kwanza.

Huchezwa hivi. Kwa muda wa wiki moja kabla ya kuanza, mwalimu alitazame darasa lake bila ya kubadili kitu, akitia alama katika daftari kila mtoto anapoinuka bila ruhusa, anapopiga kelele, anapomgusa mwenziwe kwa ubaya; bila ya daftari hilo hatajua baadaye kama amefanikiwa au amejifurahisha. Kisha aligawe darasa katika makundi yaliyochanganywa kwa makusudi: wavulana na wasichana, wakorofi na wenye haya, wepesi wa kusoma na wazito, kila moja likipata sehemu yake. Lisiwepo kabisa kundi la watukutu peke yao, kwa kuwa watoto wakorofi wakikusanywa pamoja hufundishana, na darasa lote huwajua kwa jina lao la aibu. Katika darasa la watoto sabini makundi saba ya watoto kumi yanatosha, na kwa kuwa madawati hayasogezeki kwa urahisi, ni afadhali makundi yafuate madawati yaliyo karibu, mradi mwalimu awe amewapanga watoto upya kwanza. Kanuni ziwe nne, ziandikwe kwa herufi kubwa ukutani na zisomwe na watoto wenyewe kabla ya kila mchezo: tunafanya kazi kwa utulivu, tunaheshimiana, tunaondoka mahali petu kwa ruhusa, tunafuata maagizo. Kila kanuni ionyeshwe kwa vitendo. Watoto wawili waigize mtu anayeomba kifutio kwa adabu na mtu anayekipokonya, na darasa liamue, kwa kicheko chake, nani amefuata.

Mchezo wenyewe mwanzoni uwe wa dakika kumi tu, mara tatu kwa wiki, na uwekwe katika wakati ambao watoto wana kazi ya kufanya wenyewe, mathalani hesabu za kuandika au mwandiko, si wakati mwalimu anaposimulia. Atangaze kwamba mchezo umeanza, aendelee kupita kati ya madawati kama kawaida yake, na avunjapo mtoto kanuni atamke neno fupi, bila ghadhabu na bila mahubiri, kwamba kundi fulani limepata alama kwa sababu mtu ameinuka bila ruhusa, aitie alama ubaoni, kisha hapo hapo alisifu kundi jingine kwa jambo zuri analoliona. Alama ni ya kundi, na jina la mtoto haliandikwi ubaoni kamwe. Mwisho wa dakika kumi, kila kundi lenye alama nne au pungufu limeshinda; na hapa ndipo penye siri ya mchezo ambayo wengi huikosa, kwamba makundi yote yaweza kushinda pamoja, maana hayashindani yenyewe kwa yenyewe bali yanashindana na kanuni. Mwalimu akiyapanga la kwanza, la pili na la tatu, ataharibu kila kitu, atawafundisha watoto husuda badala ya kusaidiana.

Zawadi iwe ndogo na itolewe papo hapo: nyota ukutani, kutangulia kutoka wakati wa mapumziko, kuchagua wimbo utakaoimbwa, dakika tano za kucheza ukuti uwanjani. Fedha na pipi mimi sizipendi, kwa sababu zikikosekana mchezo nao hukoma. Kadiri wiki zinavyopita dakika ziongezwe taratibu, kisha mchezo uanze kuchezwa bila ya kutangazwa, ili watoto wasiwe na adabu ya kengele. Na zawadi nayo isogezwe mbele, kutoka mwisho wa kipindi mpaka mwisho wa siku, kutoka mwisho wa siku mpaka Ijumaa, hata ifikie watoto wanashika kanuni kwa kuwa wamekwisha zoea raha ya darasa lililotulia. Mwalimu aliyefika hapo huona kwamba amerudishiwa sehemu ya kipindi chake iliyokuwa ikipotea kwa kunyamazisha.

Mambo mawili yaangaliwe sana. Aghalabu hutokea mtoto mmoja anayekusudia kuliponza kundi lake, ama kwa inadi ama kwa sababu hajui njia nyingine ya kutazamwa. Huyo afanywe kundi la mtu mmoja kwa siku mbili tatu, acheze kwa kanuni zile zile na apate zawadi ile ile akishinda, kisha arejeshwe kwa wenziwe bila ya maneno. La pili ni la hatari zaidi: watoto wa kundi lililoshindwa wasiachiwe kumwandama mwenzao wakati wa mapumziko kwa kuwa ndiye aliyewatia alama. Zamu ya uwanjani siku za mwanzo iwe ya mwalimu wa darasa hilo mwenyewe, na mtoto yeyote atakayemtisha mwenziwe kwa ajili ya mchezo, kundi lake lipate alama mbele ya darasa na sababu itajwe kama ilivyo.

Mchezo huu unafundisha kujizuia, lakini haufundishi mtoto ajue kilichomo moyoni mwake, na kwa hilo yatosha robo saa mara mbili kwa wiki. Mark Greenberg na Carol Kusché, waliotunga mpango uitwao PATHS, ambao hapo mwanzo ulikusudiwa watoto viziwi, waliwafundisha watoto hadithi ya kobe anayejirudisha gambani akikasirika: mtoto anayehisi hamaki inapanda hukunja mikono kifuani, huvuta pumzi polepole, kisha husema kwa maneno lililomuudhi na anavyojisikia. Kwetu hakuna haja ya kuagiza vitabu, kwani ngano za sungura na fisi zimejaa tamaa, woga, aibu, kinyongo na majuto, na mwalimu anachotakiwa ni kusimama katikati ya hadithi na kuuliza: fisi sasa anahisi nini, na wewe ungehisije, na angefanya nini kingine? Mtoto akizoea kusema kwamba ana uchungu, au ana wivu, au amefadhaika, badala ya kusema tu kwamba amekasirika, huwa amepata njia ya kuombea msaada kabla ya ngumi.

Juu ya uonevu kati ya wanafunzi nitasema machache. Dan Olweus wa Bergen, huko Norway, ambaye uchunguzi wake mkubwa ulianza mwaka 1983 baada ya vifo vya vijana vilivyoitikisa nchi ile, alituachia kipimo kinachofaa hata leo: ni uonevu pale mtoto anapoudhiwa mara kwa mara na mtu ambaye hana nguvu sawa naye, hivyo ugomvi wa watoto wawili walio sawa ni jambo jingine na hutatuliwa kwa njia nyingine. Nao wataalamu wa Turku nchini Finland, wakiongozwa na Christina Salmivalli, waliotunga mpango wa KiVa, walielekeza nguvu zao kwa watazamaji, kwa kuwa mwonevu huonea apate kutazamwa, na watazamaji wakiacha kucheka na mmoja akaenda kukaa na aliyeonewa, mwonevu hupoteza soko lake. Fanya hivi: wape watoto wa darasa la tatu na la nne karatasi, wachore ramani ya shule, wapake rangi nyekundu mahali wanapopaogopa, bila ya kuandika majina yao. Utaona choo fulani, nyuma ya jiko fulani, foleni ya bomba la maji. Zamu za walimu zipangwe kwa kufuata ramani hiyo.

Sasa nafika mahali pagumu, nalo ni bakora. Nchini Kenya adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku mwaka 2001. Nchini Tanzania kanuni za mwaka 2002 bado zinairuhusu kwa masharti, viboko visizidi vinne na viwe kwa idhini ya mkuu wa shule, ingawa kila mwalimu anajua ni mara ngapi masharti hayo yanasahauliwa kati ya kengele ya kwanza na ya pili. Na uchunguzi wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba takribani robo tatu ya vijana wa Tanzania, wa kike na wa kiume, walipata kupigwa kabla ya kutimiza miaka 18, na zaidi kidogo ya nusu yao wote walitendwa hivyo na mwalimu. Sikuandika mwongozo huu ili nishitaki watu, kwani wengi wetu tulilelewa hivyo na tunawaheshimu waliotulea. Nasema tu kwamba mpango wa kumfundisha mtoto azuie mkono wake, ukiendeshwa na mtu ambaye hazuii wake, mtoto ataupuuza, na atakuwa na haki.

Mfano ulio karibu nasi uko Uganda. Shirika la Raising Voices la Kampala lilitunga mpango uitwao Good School Toolkit, wenye hatua sita ambazo shule yenyewe huzipitia kwa mwendo wake: kuunda kamati ya walimu, wanafunzi na wazazi, kujiandaa, kuangalia upya adabu na ualimu, kuangalia mazingira, kuangalia utawala, na kupanga ya mbele. Ulipimwa kati ya mwaka 2012 na 2014 katika shule za msingi 42 za wilaya ya Luwero, na baada ya miezi kumi na minane wanafunzi waliosema kwamba wamepigwa na mtumishi wa shule katika wiki iliyotangulia walikuwa asilimia 31 katika shule zilizoufuata, na asilimia 49 katika shule ambazo zilikuwa bado hazijaupata. Asilimia 31 si kidogo, na mwenye kutaka kusherehekea na asherehekee kwa kiasi. Ila kwa miezi kumi na minane ni mabadiliko ambayo sijui kama waraka wowote wa wizara umepata kuyaleta.

Linganisha na habari ya Nyarugusu, kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma wanakoishi watu waliotoka Kongo na Burundi, ambako mpango mwingine, EmpaTeach, uliwakutanisha walimu kwa vikundi, wakiongozwa na walimu wenzao, wajifunze kuyatuliza mafadhaiko yao na kuliongoza darasa bila ya fimbo. Shule 27 zilihusishwa katika uchunguzi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 hayakuonyesha kwamba kupigwa kwa wanafunzi kulipungua kwa sababu ya mpango huo. Ninavyoona mimi, tofauti ya Luwero na Nyarugusu haimo katika wema wa walimu. Luwero iligeuzwa shule nzima, mwanafunzi akiwa na sauti, mwalimu mkuu akiwajibika, mzazi akijua. Nyarugusu mzigo ulitwikwa mwalimu peke yake, naye anarudi katika darasa lililofurika ambalo hakuna kilichobadilika ndani yake ila semina aliyoihudhuria. Kwa hiyo, mwalimu mkuu, usimwambie mwalimu aache bakora kabla hujampa mchezo wa kushika mahali pake, na kabla hujaacha ya kwako ofisini. Kikao cha walimu kikae, kiandike makosa yanayotokea kila siku, na mbele ya kila kosa kiandike litakalofanywa: aliyechelewa atafanya nini, aliyechafua atasafisha nini, aliyepigana atapatanishwa na nani na saa ngapi. Karatasi hiyo ibandikwe mahali wanafunzi watakapoiona, kwa sababu adhabu inayojulikana mapema humwogofya mtoto kidogo na humfundisha zaidi kuliko ile inayotegemea mwalimu ameamkaje.

Kuna jambo lazima liwe tayari kabla ya siku ya kwanza, na ambalo mipango mingi hulikumbuka limekwisha haribika. Utakapoanza kuwauliza watoto wanavyojisikia, watakujibu. Watafiti wa Luwero, walipowahoji watoto wapatao 3,800, iliwabidi wawapeleke 434 kwa watu wa ulinzi wa mtoto kwa sababu ya mambo yaliyotoka vinywani mwao. Shule yako nayo, ingawa ni ndogo, itasikia ya mjomba, ya jirani, ya njaa, na pengine ya mwalimu mwenzenu. Basi mteue mwalimu wa kike na mwalimu wa kiume ambao watoto wenyewe wamewataja kuwa wanawaamini; ofisi ya afisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya ijue kwamba mnaanza; dawati la jinsia na watoto la polisi lijulikane lilipo; na namba 116, ambayo ni ya bure na ndiyo namba ya huduma kwa mtoto Tanzania, Kenya na Uganda, iandikwe ndani ya jalada la kila daftari. Mwalimu anayesimuliwa asimwahidi mtoto kwamba hatamwambia mtu. Amwambie kwamba atamwambia mtu mmoja au wawili tu wanaoweza kusaidia, na amtajie ni akina nani. Asimhoji kwa kina, asimwite mshitakiwa waonane uso kwa uso, na asilisimulie jambo hilo katika chumba cha walimu. Ikiwa mtuhumiwa ni mtumishi wa shule, mambo hayo hayamalizwi shuleni, wala kwa wazee wa mtaa, wala kwa fidia.

Wazazi waitwe, lakini si kuja kuhutubiwa. Katika kikao chao wachezeshwe mchezo wenyewe kwa dakika kumi, baba na mama wakikaa katika madawati ya watoto wao na kutiwa alama ubaoni wanaponong'ona. Watacheka, na watakuwa wameelewa zaidi ya maelezo ya saa nzima. Atasimama mtu, na hakosi, aseme kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Mkubalie, kisha muulize kama huyo samaki hukunjwa kwa kupigwa.

Mwisho wa muhula fungua lile daftari la wiki ya kwanza na ulilinganishe na la sasa: mara ngapi watoto waliinuka, mara ngapi walipigana, wangapi waliletwa ofisini, wangapi walitoroka. Hesabu za mitihani usizingoje haraka. Luwero hazikupanda, na mpango haukuwa hasara kwa ajili hiyo. Na kama alama za daftari hazikupungua, kabla hujalilaumu darasa kamtazame mwalimu akiuchezesha mchezo, kwa maana mara nyingi utamkuta amerudia kupaza sauti, au amesahau kusifu, au amebakisha kanuni mbili kati ya nne.

Nalo la kumtazama mwalimu ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote yaliyotangulia. Kule Baltimore, watoto walioingia mwaka uliofuata, wa 1986 hadi 1987, walifundishwa na walimu wale wale, kwa mchezo ule ule, ila safari hii walimu hawakupata mafunzo na usaidizi kwa kadiri ya mwaka wa kwanza; na faida iliyoonekana kwa watoto hao walipokua ilikuwa hafifu. Kwetu, ambako mwalimu aliyeiva huhamishwa Januari na mgeni huletwa Machi, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Kwa hiyo mwalimu wa darasa la kwanza akipata barua ya uhamisho, omba kwa afisa elimu wako apewe wiki mbili za kukaa darasani pamoja na atakayemrithi, wauchezeshe mchezo kwa zamu, mmoja akichezesha na mwingine akitia alama. Akabidhi daftari la wiki ya kwanza, orodha ya makundi na sababu ya kila mtoto kuwekwa alipo, na majina ya wale ambao walimu wawili wanaoaminiwa wanawafuatilia, haya ya mwisho kwa mdomo tu. Mpangie mrithi huyo mwenzake wa kumtembelea darasani mara moja kila wiki kwa muhula mzima, aketi nyuma, aandike alichokiona, wazungumze siku hiyo hiyo kabla ya kwenda nyumbani. Na ratiba ya ziara hizo itie saini wewe mwenyewe kabla shule haijafunguliwa, na vipindi vya mwenzake huyo ambavyo vitaachwa wazi uvichukue wewe.